Bei ya Haki: Kununua Gita la Jazi kwa Mfuko Mdogo

Neno jazi limesafiri mbali na limebadilika njiani. Huko Marekani lilikotoka ni jina la muziki uliokuzwa na watu weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Lilipofika kwetu likageuka kuwa jina la bendi. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mjini Léopoldville mwaka 1953, OK Jazz ikazaliwa mwaka 1956, na upande wa Tanzania zikavuma Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz. Bendi hizo zilipiga rumba na dansi. Basi mtu akiingia katika duka la ala za muziki hapa Kampala na kuomba gita la jazi, huonyeshwa gita lolote la umeme linalong'aa, na muuzaji hana kosa, kwa kuwa neno limeshapata maana nyingine.

Gita ninalolizungumzia katika makala haya ni aina mahususi. Uso wake haukunyooka kama meza, bali umebinuka kama uso wa fidla. Badala ya tundu moja la duara katikati, lina matundu mawili yenye umbo la herufi f. Daraja linalobeba nyuzi halikugundishwa kwa gundi. Linashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake, na nyuzi zenyewe zinafungwa kwenye kipande cha chuma kilichoning'inia mkiani. Nimelipenda gita hili tangu nikiwa chuoni nikisomea stashahada ya ualimu. Kulinunua kwa mshahara wa mwalimu wa sekondari kumenifundisha mambo ambayo yanafaa kujadiliwa katika somo la uraia kuliko katika somo la muziki.

Kwanza tuelewe kwa nini gita hili ni ghali. Orville Gibson wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, alianza kuchonga nyuso za namna hii mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ilitoa gita la L-5, la kwanza la kampuni hiyo kuwa na matundu ya herufi f. Zama hizo hapakuwa na vikuza sauti vya magita, na mpigaji alipaswa kusikika katikati ya tarumbeta na ngoma. Uso uliobinuka uliweza kubeba nyuzi nzito za chuma na kutoa sauti kali, fupi, yenye kupenya. Freddie Green alipiga gita la aina hii, bila umeme, katika bendi ya Count Basie tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1987, akishikilia mapigo manne katika kila kipimo kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo wa bendi nzima. Kuchonga uso wa namna hiyo kutokana na ubao mnene, wa jamii ya msonobari, ni kazi ya mikono na ya siku nyingi. Kazi hiyo ndiyo inayolipiwa.

Baadaye umeme uliingia. Gibson walitoa ES-150 mwaka 1936, na kijana Charlie Christian, aliyejiunga na Benny Goodman mwaka 1939, akaonyesha kwamba gita linaweza kusimama mbele ya bendi na kuzungumza kama saksafoni. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25 tu. Sauti ilipoanza kutoka kwenye kikuza sauti, haikuwa lazima tena uso uchongwe. Mwaka 1949 Gibson wakaleta ES-175, iliyotengenezwa kwa mbao za tabaka, yaani plaiwudi kama mafundi wetu wanavyoiita, zilizokandamizwa hadi zikapinda. Iligharimu kidogo kuliko L-5, na haikupiga yowe upesi mbele ya kikuza sauti. Joe Pass aliipiga gita hiyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba muziki wake ulikuwa wa plaiwudi.

Hapa ndipo mwenye mfuko mdogo anapopata tumaini lake la kwanza. Asitafute uso wa kuchongwa. Gita zuri la mbao za tabaka linamtosha. Ibanez walianza kutoa mfululizo wa Artcore mwaka 2002, ukitengenezwa China, na magita hayo yaliyokwisha kutumika huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya Gibson. Yako pia magita ya Ujerumani ya miaka ya 1950 na 1960, ya Höfner na Framus, yaliyotengenezwa Bubenreuth na kusafirishwa hadi nchi nyingi. Kuagiza kutoka ng'ambo kunavutia, lakini jumlisha nauli, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa Uganda ni asilimia 18, kisha ujiulize kama bado ni rahisi. Zaidi ya hayo, huwezi kulishika kabla ya kulipa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa gita lililotumika ningeongeza kwamba hata kizuri hupaswa kushikwa kwanza.

Unapolishika, fanya hivi. Litazame kwa ubavu: mbinuko wa uso bado umepanda, au umezama chini ya daraja? Uliozama ni ishara kwamba vishikizo vya ndani vimeachia. Gonga uso polepole kwa kidole na usikilize. Kitu kikicheza ndani utakisikia. Kagua mahali shingo inapoungana na mwili, kwani ufa hapo ni gharama kubwa. Bonyeza uzi kwenye kichuma cha kwanza cha shingo na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama katikati: uzi ukiwa juu sana, shingo imepinda. Baadhi ya magita yana ufito wa chuma ndani ya shingo unaoweza kukazwa. Mengine ya zamani hayana, na hapo dawa yake ni fundi na fedha. Daraja likiwa limesogea usiogope. Lisogeze hadi sauti ya uzi uliobonyezwa kwenye kichuma cha 12 ilingane na sauti nyembamba inayotoka uzi unapoguswa tu mahali hapohapo. Mwisho, lichomeke kwenye kikuza sauti. Kitufe kinachokwaruza husafishwa kwa fedha kidogo. Kinasa sauti kilichokufa ni habari nyingine. Nami hutenga moja ya tano ya fedha zangu kwa fundi na nyuzi mpya, kwa sababu bei inayotajwa na muuzaji haijawahi kuwa bei ya mwisho.

Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 1,200,000, nyingi zikitokana na kusahihisha mitihani na kufundisha jioni. Rafiki alinielekeza kwa mama mmoja anayeishi Katwe, mzaliwa wa Bukavu, mjane wa mpiga gita aliyekuwa akipiga katika kumbi za hapa mjini. Gita la marehemu lilikuwa uvunguni mwa kitanda, ndani ya sanduku lililoliwa na panya pembeni. Nilipolifungua nilichungulia katika tundu la herufi f, nikaona kibandiko cha Höfner, na namba yake ingali inasomeka. Mbinuko ulikuwa umepanda vizuri. Vikaza nyuzi viwili vilikuwa vimebadilishwa, na kinga ya plastiki chini ya nyuzi ilikuwa imesinyaa kwa uzee. Shingo ilihitaji fundi. Yote mengine yalikuwa mazima.

Mama alitaka shilingi 400,000. Binti yake alikuwa kidato cha nne, na fedha za mtihani wa taifa zilitakiwa shuleni kabla ya wiki kwisha.

Nilijua kwamba gita lile, hata na kasoro zake, lilikuwa na thamani mara nyingi ya hizo. Nilijua pia kwamba yeye hakujua. Hakuna sheria iliyonilazimisha kusema. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 2017 inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza anachouza, na inamlinda mnunuzi kwa njia kadhaa. Lakini mnunuzi hatakiwi popote kumfundisha muuzaji thamani ya mali yake. Ningelipa, ningeshukuru, ningeondoka, na mahakama yoyote ingesema mauzo yalikuwa halali.

Nilimwambia, "Mama, gita hili lina thamani kuliko hiyo. Wakilijua watu, watakupa zaidi."

Alinitazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "unapandisha bei ya kitu unachotaka kukinunua wewe mwenyewe?"

Tukakaa chini. Nilimwonyesha kwenye simu bei ambazo magita ya jamii ile yalikuwa yakiuzwa Ulaya, nikamwonyesha pia kasoro za hili, gharama ya fundi, na ugumu wa kumpata mnunuzi mwingine Kampala anayejua ni kitu gani. Nilimwambia wazi kiasi nilichokuwa nacho, na kwamba akitaka kusubiri mnunuzi mwenye fedha zaidi, nitamsaidia kuandika tangazo. Alikwenda kushauriana na kaka yake. Siku ya tatu alinipigia simu: alitaka 1,100,000, na kwamba 700,000 zitangulie, kwa ajili ya shule, na zilizobaki nilipe kwa miezi miwili, 200,000 kila mwezi. Nilikubali. Fedha za fundi ilibidi zitafutwe upya, na gita likakaa bila kupigwa hadi likizo ya muhula.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu alisikia habari hiyo akacheka. Soko ni soko, alisema; asiyejua bei ya kitu chake amechagua kutojua. Hoja yake haistahili kupuuzwa. Biashara yote imejengwa juu ya mtu mmoja kujua zaidi ya mwingine, na tukiwadai wanunuzi wote wawe walimu wa wauzaji, masoko yatafungwa. Mimi mwenyewe sipunguzi ukali wa kupatana bei ninapokuwa mbele ya mwenye duka. Yeye anaijua bidhaa yake, ameitia faida yake, na anaweza kusema hapana bila kulala njaa. Mizani iko mikononi mwa wote wawili.

Tofauti huja pale mambo mawili yanapokutana kwa mtu mmoja: hajui, na hawezi kusubiri. Asiyejua lakini ana muda, anaweza kuuliza. Kuuliza si ujinga. Mwenye haraka lakini anajua, amekubali hasara huku macho yake yakiwa wazi. Asiyejua na asiyeweza kusubiri hana chaguo. Ana neno la mnunuzi tu. Ndimi mtu pekee katika chumba kile niliyejua, kwa hiyo kunyamaza kwangu kungekuwa sawa na kupanga bei peke yangu, kisha kuyaita hayo mapatano. Neno patana katika Kiswahili lina kiambishi kinachoonyesha kutendeana: watu wawili hupata kwa pamoja. Akipata mmoja tu, kitenzi kimekosa mtendaji wa pili.

Baada ya moyo huja karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili linahusu mnunuzi sawasawa na muuzaji. Ala za muziki huibwa, na anayenunua kitu cha wizi anaweza kunyang'anywa hata kama alilipa kwa nia njema. Mama alinionyesha picha ya marehemu akiwa jukwaani na gita lilelile. Tuliandika makubaliano kwa Kiswahili, lugha ambayo sote wawili tuliimudu: majina, namba ya gita, kasoro zote tulizoziona, bei, tarehe za malipo, na nini kitatokea nikichelewa. Yalisainiwa mbele ya mwenyekiti wa LC 1 wa mtaa wake, nakala mbili. Kila nilipolipa, aliandika stakabadhi. Kasoro zilizoandikwa zilimlinda yeye, kwa maana nisingeweza kurudi kudai kwamba shingo ilikuwa nzima. Tarehe za malipo zilimlinda pia. Picha na saini vilinilinda mimi.

Wanafunzi wangu husoma katika vitabu kwamba raia mwema hulipa kodi, hupiga kura na hutii sheria. Hayo ni kweli, lakini kura hupigwa mara moja katika miaka mitano, nasi huuza na kununua kila siku. Sokoni ndiko tunakokutana na watu wasiokuwa ndugu zetu, wa nchi nyingine mara nyingi, na kuamua kama tutawatendea kama wenzetu. Mama wa Bukavu si raia wa Uganda, wala hana kura hapa. Alikuwa na gita, deni la shule, na haki ya kusikia ukweli kuhusu mali yake.

Nawaachia swali la insha. Mtu anakuuzia simu kwa nusu ya thamani yake, naye anaijua thamani hiyo vizuri, lakini mtoto wake amelazwa hospitalini. Je, ukilipa bei aliyoitaja, umetenda haki? Andikeni kurasa mbili, mtetee upande mmoja, kisha mjibu hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Mtakaoona swali ni rahisi, lisomeni tena.