Akiba ya Sauti Nyumbani

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi, nasi walimu tumeurudia msemo huo mbele ya wanafunzi wetu miaka nenda miaka rudi. Lakini mwenye kuweka akiba ya sauti hana budi kuutafakari upya. Utepe wa kaseti huoza: unga wa sumaku hubanduka, utepe hunata, na mashine iliyo nzima ya kuuchezea huwa adimu kila mwaka. Diski ya kompyuta nayo huchakaa, na ile flashi ndogo ya mfukoni hupotea kabla hata ya kuchakaa.

Ninazo kaseti 140 nilizorekodi kati ya mwaka 1983 na 1989, nilipokuwa mwalimu kijana mjini Jinja. Ni mazungumzo na wazee waliofanya kazi ya reli hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977: madereva wa magari ya moshi, mafundi wa karakana, makarani wa stesheni, na mmoja ambaye alilishuhudia kwa macho ya utotoni daraja la reli la Mto Nile lilipokamilika mwaka 1931. Wote wamekwisha kututangulia mbele ya haki. Katika nchi yetu ya Uganda imezoeleka kudaiwa kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya amri za askari tu. Katika kaseti hizo Msoga, Mteso, Msamia na Mjaluo wanasimulia jinsi walivyofundishana kazi, walivyoliwazana misibani na walivyotaniana, yote kwa Kiswahili. Ushahidi huo ukipotea, hakuna aliyebaki wa kuitwa kuutoa tena.

Ndiyo maana, baada ya kustaafu, nilianza kutafuta seva ya hifadhi ya nyumbani. Kwa msomaji asiyeijua, hili ni sanduku dogo, si kubwa kuliko redio ya mezani, lenye nafasi za diski ndani yake. Huunganishwa kwa waya na ruta ya nyumbani, na yeyote aliyepewa ruhusa humo nyumbani huweza kuzifikia faili zake kwa kompyuta au kwa simu.

Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta, alinihoji kabla hajakubali kunisaidia.

“Mjomba, siku hizi watu huweka vitu vyao mtandaoni, wakalipa kila mwezi, wakalala. Sanduku la nini?”

“Mwanangu,” nikamjibu, “pensheni ikichelewa miezi mitatu, huyo wa mtandaoni atanisubiri? Tena kuna mzee aliyenieleza ugomvi wa kazini, kisha akasema: ‘Mwalimu, haya yakae kwako.’ Nilimpa neno langu.”

Kijana hakubisha tena. Alisema tu, “Basi tupime kwanza, mjomba, ndipo tununue.”

Shauri hilo la kupima ndilo ninalowausia wenzangu. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja, ikirekodiwa kwa kipimo cha kilohezi 48 na biti 24 bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 518. Kaseti zangu ni za dakika 60 kila moja, kwa hiyo zote 140 hazifiki gigabaiti 75. Nilipoongeza picha za jamaa, maandishi yangu na video za masomo, sikufika hata terabaiti moja. Laiti ningemsikiliza muuzaji, ningenunua sanduku la diski nane. Nilichukua la diski mbili, kila moja ya terabaiti 4. Sanduku kama hilo hutumia umeme wa wati 20 hivi, yaani yuniti 14 au 15 kwa mwezi likiwaka usiku na mchana. Asiyeweza kununua sanduku jipya huweza kutumia kompyuta kuukuu iliyo nzima, akaiwekea programu ya bure kama OpenMediaVault, ingawa atalipa zaidi kwa umeme.

Diski zangu mbili huakisiana: kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa papo hapo kwenye nyingine, ili moja ikifa kazi iendelee. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walichapisha makala iliyoueleza mpango huu pamoja na mingine ya kuunganisha diski nyingi. Wengi wakishasikia habari hiyo hudhani kwamba wamekwisha kuwa na nakala mbili. La hasha! Kioo huakisi uzuri na ubaya pia. Mjukuu akifuta faili kwenye diski ya kwanza, imefutika na kwenye ya pili. Mwizi akilichukua sanduku, amezichukua zote mbili. Moto nao hauchagui.

Kwa hiyo tunafuata kanuni inayojulikana sana: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali na nyumbani. Nakala ya kwanza imo katika seva. Ya pili imo katika diski ya nje, ambayo huunganishwa Jumamosi jioni na kuchomolewa kazi ikiisha. Ya tatu iko Mbale kwa mwalimu mwenzangu, imefungwa kwa nywila, naye huitunza bila kuisikiliza. Kila likizo ya shule tunabadilishana diski, yake kwangu na yangu kwake.

Nilikataa pia kuufungua mlango wa seva kuelekea intaneti, ingawa watoto wangu walio mbali walitamani. Mwaka 2021 wahalifu waliotumia programu iitwayo Qlocker, na mwaka 2022 wengine waliotumia Deadbolt, waliziingia seva za QNAP zilizokuwa zikifikika kutoka intaneti, wakafunga faili za watu, wakadai fedha ndipo wazifungue. Hapa kwetu wajukuu huingia kwa akaunti ya kusoma tu: wanaweza kusikiliza, hawawezi kufuta. Simulizi za mzee yule zimo katika kabrasha ambalo akaunti yao hailioni. Na kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa, seva imepitishwa kwenye betri inayoipa dakika chache za kujizima kwa utaratibu.

Baada ya hayo yote imebaki kazi ambayo hakuna chombo kiwezacho kutufanyia, nayo ni kuzipa faili majina. Kila faili ina mwaka, mahali, jina la msemaji na mada, kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Mali bila daftari huisha bila habari. Kisha, mara moja kila muhula, ninachukua faili moja kutoka nakala ya Mbale na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho, kwa maana nakala isiyopata kujaribiwa ni tumaini tu.

Ndugu walimu, Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi watatuuliza kama lugha hii ni mgeni aliyeletwa jana. Mimi huwachezea dakika tatu za karani wa stesheni akisimulia alivyomfundisha kijana kuandika tiketi, nao hutulia kimya wakisikiliza. Bila shaka wengi wenu mnazo kaseti za namna hiyo chini ya vitanda au juu ya kabati. Zihesabuni, mpige hesabu ya nafasi zitakayohitaji, na mtafute mwenzenu wa mji mwingine wa kubadilishana naye diski, wakati mashine za kuzichezea kaseti hizo zingali zinapatikana.