Funga Ukimfikiria Atakayefungua

Frateri anaporudi nyumbani kwa likizo, watu humtarajia kanisani: aongoze sala jumuiyani, afundishe watoto wa Komunyo ya Kwanza, amsindikize Paroko vigangoni. Hayo ni mema, na mimi huyafanya. Lakini likizo iliyopita siku zangu tatu nzima ziliishia chini ya boneti ya gari la baba, mikono ikiwa myeusi hadi kwenye viwiko. Niliporudi seminarini nikawasimulia wenzangu, walicheka, kisha mmoja akaniambia niandike. Nitaieleza kwanza kazi yenyewe, kwa sababu bila kazi yenyewe somo lake halieleweki.

Kwetu ni Mbinga, mkoani Ruvuma. Baba ana miaka 71. Kwa miaka mingi pikapu yake imekuwa ikishuka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kuchukua dagaa na samaki wakavu, kisha kupanda nao milima ya Umatengo. Pikapu hiyo ndiyo iliyotusomesha mimi na dada zangu watatu. Ni gari la mtumba kutoka Japani, lenye injini ya dizeli ya silinda 4 na turbo.

Kwa msomaji asiyezoea magari, niseme hivi. Manifodi ya ekzosi ni kipande cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini. Kina mikono minne inayopokea moshi wa moto kutoka kila silinda na kuukusanya kwenye tundu moja. Katika gari la kawaida moshi huo hutoka moja kwa moja kupitia bomba la ekzosi. Katika gari la turbo hupita kwanza kwenye gurudumu dogo la mapanga na kulizungusha. Mhimili wa gurudumu hilo unazungusha gurudumu jingine linalosukuma hewa safi ndani ya injini. Injini iliyopata hewa nyingi huweza kuchoma mafuta mengi zaidi, ikapata nguvu ya kupanda mlima na mzigo. Mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905: nguvu iliyokuwa ikitupwa pamoja na moshi irudishwe kazini. Mapanga ya turbo ya gari yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Manifodi, kwa hiyo, hubeba moto na hubeba turbo yenyewe. Ikipasuka, shida inakuwa kubwa kuliko kelele.

Nilipofika nyumbani mwezi wa sita niliusikia ufa kabla ya kuuona. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari lilikuwa linagonga tik-tik-tik, kisha mlio unapungua injini ikipata moto. Mlimani lilikosa nguvu. Mama ndiye aliyenieleza lile ambalo baba hakulisema: kila akirudi kutoka ziwani, kichwa kinamuuma. Mbinga wakati huo ni baridi, madirisha ya gari hufungwa, na moshi ulikuwa unapenya ndani. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukamata nafasi ya oksijeni katika damu. Dereva anaweza kulegea nayo akadhani ni uchovu wa safari. Nilimwomba baba gari lisitoke tena mpaka litengenezwe. Alinyamaza kidogo, akatoa ufunguo mfukoni, akaniwekea mezani.

Manifodi halisi ya kiwandani ilituzidi bei. Tukapiga simu Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea, tukatumiwa picha za aina mbili za bei nafuu. Moja ilikuwa ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu, yaliyochomelewa, inang'aa kama kalisi. Nyingine ilikuwa ya chuma cha kumimina kwenye kalibu, nzito, isiyovutia macho. Baba aliitazama ile inayong'aa akasema, "Hiyo ni ya vijana wa mashindano. Mimi napakia dagaa." Alikuwa na sababu. Chuma kisichoshika kutu hutanuka zaidi kikipata moto kuliko chuma cha kumimina, na mabomba membamba yakibebeshwa uzito wa turbo kwenye barabara ya milima, maungio yake huweza kufumuka. Tukachukua ile nzito. Ililetwa kwa basi, imefungwa kwenye gunia.

Kazi tuliifanya uani, watu watatu. Baba alikaa kwenye kigoda. Amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na vidole vyake havina tena nguvu ya zamani. Mimi nilikuwa mikono yake. Wa tatu alikuwa utingo wake, kijana wa jirani wa miaka 19, ambaye kazi yake siku zote ilikuwa kupakia, kushusha na kuosha gari.

Ugumu wa kazi hii uko katika kufungua. Manifodi hushikwa na nati zilizofungwa kwenye skrubu ndefu zisizo na vichwa, zilizozama ndani ya silinda hedi. Mafundi huziita stadi. Zimepikwa na moto kwa miaka, kutu imezila. Ukilazimisha, stadi inakatika, nusu yake inabaki ndani ya hedi. Hapo utatoboa kwa keekee, na ukikosea utafungua hedi nzima. Kwetu hilo lingekuwa na maana ya wiki kadhaa bila safari ya ziwani, na dada yangu mdogo alikuwa bado anadaiwa ada ya chuo cha ualimu. Baba alinitania, "Stadi ikikatika ndani, Frateri, ndipo tutajua kama wewe ni stadi."

Jioni mbili mfululizo tulizimwagia nati mafuta ya kulegeza kutu tukaziacha zilale. Siku ya tatu tukaondoa betri, tukatoa maji, bomba la hewa, na bomba la oili linaloingia kwenye turbo. Kila tundu lililobaki wazi tuliliziba kwa kitambaa safi, maana nati moja ndogo ikidondokea kwenye mapanga, turbo imekwisha. Tukaanza na nati za pembeni tukielekea katikati. Robo ya mzunguko kufungua, kidogo kurudi nyuma, tena mbele. Saba zilikubali.

Ya nane haikuwa stadi. Aliyefunga kabla yetu, fundi ambaye hata simfahamu, alikuta stadi imepotea akaweka bolti ya kawaida. Hakupaka kitu chochote. Aliikaza kwa spana iliyoongezewa bomba hadi uzi wa bolti ukavutika. Ufa wa manifodi ulianzia palepale, kwenye mkono wa silinda ya nne. Baba aliinama, akaipapasa bolti ile kwa kidole gumba, akasema polepole: "Huyu alifunga akifikiria kulipwa. Hakumfikiria atakayefungua."

Tuliifungua kwa mshumaa. Msomaji asishangae, ni ujuzi wa mafundi wa siku nyingi. Tulihamisha kila chenye mafuta, tukaweka ndoo ya mchanga karibu, tukaichoma bolti kwa moto mdogo wa gesi, kisha tukagusisha nta mahali inapozama kwenye chuma. Chuma cha moto huivuta nta iliyoyeyuka ikaingia ndani ya uzi, pale ambapo mafuta hayafiki. Mshumaa ulikuwa kipande kilichobaki kwenye meza ya mama ya sala. Mara ya tatu bolti ililia kidogo, ikageuka. Mama, aliyekuwa akichambua maharage barazani, alisema tu, "Nitadai mshumaa wangu."

Kisha baba akatufundisha jambo ambalo sikulijua. Aliweka manifodi ya zamani na mpya kwenye kipande cha bati, akaniambia niyalinganishe matundu. Kwenye ile ya zamani, matundu ya katikati yalikuwa yamebana. Ya pembeni yalikuwa mapana kuliko stadi. Kwenye mpya yote yalikuwa sawa. Chuma cha kumimina chenye urefu wa nusu mita, kikipanda joto kwa nyuzi 600 za Selsiasi, hurefuka kwa karibu milimita 3. Katikati hushikilia, pembeni hutembea. Usipoiachia nafasi ya kutembea, itaitafuta kwa kupasuka. Tukaipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma mjini, akayapanua matundu ya pembeni na kuhakikisha uso wake umenyooka.

Tukakwangua masizi kwenye hedi, tukaweka stadi mpya na gasketi mpya ya bati, kavu, bila gundi. Kila uzi tuliupaka grisi ya shaba inayostahimili moto. Baba alitukumbusha kwamba uzi wenye grisi hudanganya: kwa nguvu ileile ya mkono, nati hubana zaidi kuliko uzi mkavu. Kwa hiyo tuliazima spana ya kupimia nguvu, na hatukuvuka kipimo cha kitabu cha gari.

Hapo ndipo baba aliponiuliza, bila kuniangalia, "Na mwakani nani atashika spana?"

Mwakani, Mungu akipenda, nitapewa Daraja ya Ushemasi. Mimi ni mtoto wake wa kiume pekee. Baba hajawahi kunizuia. Siku niliyomwambia nataka kwenda seminari, aliniuliza tu kama nina viatu vya kutosha. Lakini najua, na yeye anajua kwamba najua, kuwa pikapu ile aliinunua akitazamia siku moja tutapokezana usukani. Mtu anayetoa kwa moyo mweupe haachi kuliona pengo la alichokitoa. Sikuwa na jibu, na nadhani jibu la haraka lingemkosea heshima.

Akajijibu mwenyewe. Alimwita utingo, "Dogo, acha kuosha matairi. Njoo." Kisha akanigeukia: "Frateri, mpe spana."

Kijana alifuta mikono kwenye suruali, akasogea kwa woga. Nikashika taa. Baba alimwelekeza: anza katikati, nenda pembeni, mzunguko wa kwanza mkono tu, wa pili nusu ya nguvu, wa tatu kipimo kamili. Ilichukua muda mara mbili ya ambao ningetumia mimi. Baba, ambaye barabarani hana subira hata na punda, hakumharakisha. Kabla ya kuwasha tulimwaga oili safi kwenye tundu la turbo, tukachomoa waya unaoruhusu dizeli, tukazungusha injini kwa staa ili oili ifike kwenye mhimili kwanza. Kijana ndiye aliyegeuza ufunguo. Mlio wa tik-tik haukuwepo. Tulisikiliza kila ungio kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni. Injini ilipopoa kabisa, tukapima nati tena.

Mwaka 1981, katika waraka wake juu ya kazi, *Laborem Exercens*, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Darasani niliuandika ukweli huo nikaujibia mtihani. Uani kwetu niliuona: baba angeweza kulipata gari lake mapema zaidi, akachagua kumpata fundi.

Nasi mafrateri tunajiandaa kwenda kwenye parokia ambazo wengine wamefunga kabla yetu, na wengine watafungua baada yetu. Tumeziona parokia ambazo Paroko akihamishwa, hakuna anayejua hesabu za ujenzi ziko wapi, wala hati ya kiwanja cha kigango iko kwa nani. Kila kitu kilikazwa kwa mkono mmoja, kikavu. Tumeziona pia zile ambazo katekista anajua, mwenyekiti wa jumuiya anajua, vitabu vya ubatizo vimeandikwa kwa mwandiko unaosomeka. Huko aliyetangulia alipaka grisi. Waamini nao wana manifodi zao: mama mweka hazina wa WAWATA, mwalimu wa kwaya, baba mwenye shamba ambaye watoto wake hawajui mipaka yake. Swali ni lilelile la baba: na mwakani nani?

Mama anasema kichwa cha baba kimetulia. Kuhusu pengo langu, sijui kama litatulia, na sitegemei spana izibe nafasi ya mtoto. Lakini baada ya safari ya kwanza ya Mbamba Bay kijana alinipigia simu. Alisubiri injini ipoe, akapima nati zote nane bila kuambiwa. "Frateri," akasema, "ile ya mwisho imekubali robo ya mzunguko. Na ule uzi uliobaki wazi nje ya nati nimeupaka grisi, wa baadaye asihangaike."

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.