Njombe Kuna Baridi, Makambako Kuna Spea

Safari ya ukweni ndani ya gari la haibridi, na tairi jembamba lililowapatanisha wanandoa wawili

Kama unaishi Dar na kila ukifungua dirisha unapokelewa na joto, basi likizo ijayo mshike mwenzako mkono mkaione Njombe. Huko feni ni pambo. Mji umekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti utahitaji koti la kweli, siyo lile jepesi unalovaa ofisini kwa sababu ya kiyoyozi. Asubuhi ukungu unalala juu ya mashamba ya chai, jioni kila nyumba inanukia moshi wa kuni, na usiku, jamani, mtagombania blanketi mpaka mtacheka.

Mimi nimeolewa huko. Mume wangu ni Mbena, na mwaka jana tulikwenda kwa mara ya kwanza tukiwa mke na mume. Kabla ya hapo nilikuwa "yule mchumba wa mjini". Safari hii nilikuwa mkwe, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mtihani: salamu, goti, kitenge, na hata gari tutakaloshuka nalo.

Gari lenyewe ni Toyota Aqua, haibridi ndogo tuliyoinunua kwa mishahara yetu yote miwili. Kwa foleni za Dar ni mkombozi. Ukisimama kwenye taa, injini inanyamaza na betri inachukua kazi, na mafuta ya wiki yanakuwa ya kucheka. Lakini Dar hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 600, na huko njiani kuna mambo ambayo foleni ya Mwenge haijawahi kukufundisha.

CHUPA BADALA YA TAIRI

Siku chache kabla ya kuondoka nilifungua buti na kuinua zulia. Nilitegemea kuona tairi la spea. Nikakuta sponji, kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Jeki hakuna. Wili spana hakuna. Muuzaji alikuwa ametueleza habari za redio na kamera ya nyuma kwa nusu saa nzima, hili hakuligusa.

Usidhani gari letu liliibiwa spea bandarini. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni, na hasa haibridi, yalitoka kiwandani hivyo hivyo. Betri kubwa inakula nafasi ya nyuma, na kila kilo inayopunguzwa inasaidia gari kunywa mafuta kidogo. Kwa mtu wa Tokyo haina neno: akipata msumari anapuliza ile dawa, anajaza upepo, anajikongoja hadi gereji ya karibu, na ikishindikana anapiga simu wanakuja kumchukua. Gari hilo hilo likivuka bahari likaletwa kwetu, chupa inabaki ileile ila barabara siyo ileile.

Mume wangu hakuona tatizo. "Kuna chupa," akasema. "Na buti yenyewe ndogo, vitu vya mama tutaweka wapi?" Vitu vya mama vilikuwa blanketi mbili nzito, sukari, mafuta ya kupikia, vitenge na begi langu, ambalo nakubali si dogo. Mimi nikasema sipeleki ndoa yangu Njombe kwa kutegemea chupa. Tukanuniana kidogo, kile kununiana kwa adabu ambako watu wanaendelea kuulizana "umekula?" Mwisho tukakubaliana kwamba popote njiani tutakapoona spea inayolingana, tunasimama.

MAKAMBAKO, MJI WA NJIA PANDA

Tulilala Iringa. Asubuhi tukapita Mafinga na misitu yake ya misindano, na kabla ya jua kukaza tukaingia Makambako. Ukitaka kuujua mji huu, simama njia panda kwa dakika kumi tu. Barabara kuu inaendelea magharibi kwenda Mbeya na Tunduma, na malori yake yanakwenda Zambia na Kongo. Nyingine inakata kusini kwenda Njombe na Songea. Hiyo iliwekwa lami miaka ya 1980. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake hapa, ikiwa katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, njia iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976. Upepo unavuma kama una deni na watu. Kila mtu hapa anapita kwenda kwingine, na mji unaishi kwa kuwahudumia wanaopita: chai ya moto, chipsi, vocha, na mafundi.

Mafundi wa tairi ndio niliokuwa nawawinda. Tukaona kibanda chenye matairi yaliyopangwa kama chapati. Mume wangu akapunguza mwendo, akanitazama, nikamwambia, "Hapa."

Fundi alikuwa kijana mpole, mikono myeusi kwa oili. Hakuuliza bei tunayotaka, aliomba kwanza aone hiyo chupa. Akaigeuza, na katikati ya maandishi ya Kijapani akatafuta tarakimu. "Dada, hii dawa ilikufa kabla gari halijapanda meli," akasema. Mume wangu akaichukua, akaisoma mwenyewe, akairudisha kimya kimya. Ubishi uliisha pale.

Basi likaja somo ambalo kila mwenye haibridi anatakiwa kulijua. Kwanza nati. Aqua ina nati nne kwa gurudumu, na mpangilio wa matundu yake ni wa milimita 100, sawa na Vitz. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina nati tano, kwa hiyo rimu ya Vitz haitaiingia hata ukiibembeleza. Fundi akachomoa tairi jembamba la akiba lililokuwa la Vitz, lile linaloonekana kama la pikipiki iliyonenepa. Akatuonyesha ubavuni tarakimu nne za mwisho za tarehe: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Akalikunja kwa vidole kutafuta nyufa.

Kisha akafanya jambo lililonifanya nimwamini. Alilifunga mbele, akalizungusha kwa mkono kuhakikisha haligusi breki, akalihamishia nyuma akafanya vilevile. "Rimu inaweza kuingia kwenye nati halafu ikakwaruza breki," akasema. "Usilipe kabla hujaliona linazunguka." Akalijaza upepo mpaka psi 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida, maana wembamba wake unadai upepo mwingi. Maandishi ubavuni yanasema mwisho wa mwendo ni kilomita 80 kwa saa.

Tukaongeza jeki na wili spana ya soketi ya 21, inayoingia kwenye nati za Toyota. Kwa vyote, baada ya kupatana, tulilipa chini ya bei ya tairi moja jipya. Sponji likatolewa, tairi likalala chini ya zulia, likafungwa kwa mkanda ili siku ya kufunga breki ghafla lisiruke. Zulia likanyanyuka kidogo, kama kitanda chenye kitu chini ya godoro. Begi langu likahamia kiti cha nyuma, ila kwa uangalifu: pembeni ya kiti hicho kuna tundu la hewa linalopoza betri kubwa. Ukiliziba kwa mizigo, unaipika betri taratibu.

KILOMITA 60 ZA KUPANDA

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, na nakushauri usizikimbize. Ardhi inakunjuka vilima kwa vilima, kijani juu ya kijani. Utaona viazi mviringo, utaona parachichi ambalo siku hizi limewajengea watu nyumba, na ukikaribia mji utapita maeneo ya Kibena, yenye chai na misitu ya miwati. Kampuni ya miwati ilianza hapa mwaka 1949, ikitafuta magome ya kulainishia ngozi.

Mji wenyewe ulipanda cheo mwaka 2012 ulipokuwa makao makuu ya mkoa mpya, uliokatwa kutoka Iringa. Lakini bado una utulivu wa mahali ambapo watu wanasalimiana. "Kamwene!" utaambiwa. Jibu "Kamwene!" kwa tabasamu, na nusu ya mtihani wa ukweni umeshapita. Mama mkwe alinikumbatia kabla sijamaliza kupiga goti. Zile blanketi alizipeleka chumbani mwenyewe.

ASUBUHI YA MIADI

Siku ya tatu mama alikuwa na miadi ya macho mjini, saa mbili asubuhi. Alikuwa ameisubiri kwa wiki nyingi, jicho la kulia lilikuwa linazidi kuingia ukungu. Kijijini kwao ni mbali na lami, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu tulishawasha gari. Nje hata mita ishirini huoni.

Hatukufika mbali. Jiwe lenye ncha lilipasua ubavu wa tairi la mbele kulia. Tairi liliisha upepo papo hapo, na mpasuko ulikuwa unaingia kidole. Hapa nataka uelewe kitu: hata ile chupa ingekuwa mpya ya jana, isingefaa kitu. Dawa ile ni ya tundu dogo la msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Ubavu ukichanika, hiyo siyo kazi yake.

Tulizima gari kabisa. Haibridi ni kimya, unaweza kudhani imezimika kumbe taa ya READY bado inawaka na gari liko tayari kuondoka. Tukaweka pembetatu nyuma, mawe kwenye matairi, mama akashuka akasimama pembeni amejifunga blanketi. Mimi nikamulika kwa simu.

Aqua inasukumwa na matairi ya mbele, kwa hiyo tairi jembamba halifai kukaa huko kama una njia nyingine. Tulifungua zima la nyuma tukalipeleka mbele, lile jembamba tukalifunga nyuma. Maana yake unapiga jeki mara mbili, na vidole vinaganda. Mume wangu alilegeza, mimi nikakaza, nati moja kisha inayoitazama, kama fundi alivyotuonyesha. Hatukuongea sana. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akisema, kwa Kibena, maneno ambayo mume wangu alikataa kunitafsiria huku anacheka.

Tuliingia mjini taratibu, saa mbili imepita kidogo. Wakampokea. Daktari akasema amewahi, jicho linatibika. Wakati tunamsubiri kwenye benchi, mume wangu alinishika mkono uliokuwa bado na oili. "Asante kwa kuning'ang'ania pale Makambako," akasema. Wanaume wa Kibena hawasemi maneno mengi. Hayo nimeyatunza.

Tairi lililochanika ubavu halizibwi. Mchana huohuo tulinunua jingine mjini, na lile jembamba likarudi kitandani kwake chini ya zulia.

NJOMBE MKIWA WAWILI

Baada ya hapo ndipo likizo ilipoanza. Nendeni mkaone maporomoko ya mto Ruhuji, pembeni tu ya mji, hamhitaji hata kutoa jasho. Pitieni sokoni mkanunue tufaha za hukohuko na parachichi kwa ndoo. Ulanzi, pombe ya mianzi, onjeni kwa adabu, utamu wake unadanganya. Jioni kaeni karibu na jiko la mkaa, ila fungueni dirisha kidogo, mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua. Na hapo karibu na moto, zungumzeni. Baridi inawasogeza watu ambao jiji limewaachanisha.

KABLA HAMJAONDOKA

• Inueni zulia la buti wote wawili, leo. Kama kuna chupa, someni tarehe yake.
• Hesabuni nati zenu kabla ya kununua rimu. Lijaribuni mbele na nyuma.
• Nunueni na jeki na wili spana. Spea bila jeki ni pambo.
• Pimeni upepo wa spea kila mnapopima mengine, maana tairi lililosahaulika huisha upepo bila kelele.
• Tairi jembamba ni la kuwafikisha kwa fundi. Msirudi nalo Dar.
• Kila mmoja abadilishe tairi mara moja nyumbani, mchana, kwa raha. Siku ya ukungu siyo siku ya kujifunza.
• Wakati wa kurudi mtapewa viazi, hilo msibishane nalo. Lakini gunia lisikae juu ya spea. Mvua ikinyesha Kitonga usiku, tairi lililo chini ya gunia la viazi ni sawa na tairi lililobaki Makambako.