Mstari Mweupe

Mimi huuza maneno asubuhi na kupaka watu kucha jioni. Maneno hulipwa mhariri akikumbuka. Kucha hulipwa kwa M-Pesa kabla mteja hajavaa viatu. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani, na tangu hapo ni kucha zinazolipa kodi ya chumba changu hapa Mbaraki, ambapo malori ya bandarini hunguruma usiku kucha.

Kazi ninayoombwa sana ni ile ya French: ukucha wa rangi ya ngozi, ncha nyeupe, na kati yake mstari uliopinda kama tabasamu. Ufaransa imo kwenye jina tu. Anayetajwa zaidi kwa mtindo huu ni Jeff Pink wa kampuni ya Orly, Los Angeles, miaka ya 1970. Waigizaji wa filamu walikuwa wakibadilisha nguo kila mara, akawatafutia kucha zinazokubaliana na kila vazi.

Wateja hudhani siri ni mkono usiotetemeka. Wangu hutetemeka, hasa nikiwa sijala. Siri ni kwamba jeli haikauki kwa hewa. Mpaka uiingize kwenye taa, nyeupe ni yako kuichezea. Kwa hivyo mstari safi hauchorwi, unafutwa ukabaki.

Ninavyofanya ni hivi. Tabaka la msingi, taa. Rangi ya ngozi, taa. Kisha nafuta ule unato unaobaki juu kwa spiriti, maana nyeupe ikikutana nao hutambaa. Nachukua nyeupe kidogo kwa brashi nyembamba, naweka alama katikati, halafu pembe mbili ziwe sawa, naziunganisha kutoka kila upande. Nageuza kidole cha mteja, si brashi. Weupe wa asili wa ukucha siufuati, kwa sababu kwenye vidole kumi haulingani; nafuata macho. Mwisho nachukua brashi bapa, nachovya kwenye spiriti, naikausha kwa tishu, napitisha chini ya mstari taratibu. Hapo ndipo tabasamu linatokea. Nikikosea, nafuta yote, naanza upya, na mteja wala hajui.

Tabaka liwe jembamba. Nyeupe huzuia mwanga, na ikiwa nene, juu hukauka na chini hubaki mbichi, ukucha ukajikunja kama maziwa yaliyoganda. Afadhali mara mbili. Na joto letu la Februari hulegeza jeli. Ukipaka vidole vitano pamoja, cha kwanza kitakuwa kimeshamwagika pembeni ukifika cha tano. Mimi hupaka kimoja, nakitia kwenye taa sekunde chache kishike, ndipo niende cha pili. Na ngozi usiiguse. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio, na mwili ukishaikataa huwa haurudi nyuma.

Haya yote niliyajua alipokuja msichana mmoja, bibi harusi mtarajiwa, na nyanya yake. Alitaka piko mikononi na French kwenye kucha. Harusi moja kama hiyo ni nusu ya kodi yangu, maana nyuma ya bibi harusi huja dada, shangazi na mashoga.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Na udhu je, mwanangu? Hina huingia ndani. Hii yako yakaa juu, maji yatapita wapi?"

Sikuwa na la kubisha. Wateja wangu wengi huja siku ambazo hawaswali, lakini jeli hukaa wiki mbili na zaidi, na siku hizo hazifiki hapo. Kuitoa ni kulowesha kwenye asetoni na kukwangua, si kazi ya bibi harusi usiku wa manane. Msichana akainamisha kichwa. Nikaona anavyopenda zile kucha, na anavyompenda nyanya yake.

Nikampima vidole vyote kumi, kila kimoja na saizi yake, nikamwambia arudi baada ya siku mbili. Nikachukua kucha za plastiki za kubandika, nikazigundisha juu ya vijiti, nikazipaka jeli moja moja. Stima ikapotea usiku wa kwanza. Nikaacha nyeupe ikiwa mbichi, nikaifuta, nikalala. Usiku wa pili nikamaliza. Zingekaa kwa vibandiko vya gundi usiku wa kupamba, zitoke kabla ya alfajiri.

Nyanya alizishika moja moja, akazisogeza dirishani. Nadhani alikuwa akitafuta mahali mstari ulipopinda vibaya. Kisha akabandika moja kwenye kidole chake chenye hina iliyokolea, akaibandua, akaibandika tena.

"Zatoka kweli," akasema.

"Zatoka, bibi."

Msichana alilipa. Shangazi wawili walipiga simu wiki hiyohiyo. Lakini kabla hawajatoka mlangoni siku ile, nyanya alirudi peke yake, akanyoosha mkono, akaniuliza kama naweza kumtengenezea zisizo na nyeupe, rangi ya hina tu, za Idi.

Nikampima vidole.