Kubisha Hodi Baharini

Kiangazi kimoja tulifika Telegraph Cove, kijiji kidogo katika kisiwa cha Vancouver, nchini Kanada, tukapanda mashua ili tuwaone kwa macho yetu nyangumi wauaji wa mlango wa bahari uitwao Johnstone. Bahari ilikuwa shwari, baridi ikiuma, na milima yenye misitu imesimama kulia na kushoto. Nahodha akazima mashine, nasi tukanyamaza.

Tulisikia pumzi zao kabla ya kuwaona. Kisha likainuka pezi jeusi la dume, ambalo huweza kufikia mita 1.8, na nyuma yake wakafuata majike na watoto. Subhana Llah! Jina lao latisha, lakini hawa wa huko hula samaki, hasa samoni. Na mtoto wao, awe dume au jike, haliachi kundi la mama yake maisha yake yote.

Mambo haya yalijulikana kwa msaada wa picha. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, watu waliwazingira kwa nyavu wakawauza wafanyiwe maonyesho, wakidhani kuwa ni wengi mno. Ndipo mtaalamu wa Kanada, Michael Bigg, na wenzake walipoanza kuwapiga picha. Wakaona kila mmoja ana alama zake: pengo la pezi, makovu, na baka la kijivu mgongoni. Walipohesabiwa hivyo, wale wa kaskazini walionekana kuwa kiasi cha 120 tu. Biashara ile ikakoma katika maji hayo kabla ya miaka ya 1980, na leo wamepita 300. Jamaa zao wa kusini, walionyang'anywa watoto wengi zaidi, hawafiki 80.

Hata hivyo, mmoja wetu alimsihi nahodha asogee, kwa kuwa picha zilitoka ndogo. Nahodha akakataa. Akatueleza kuwa nyangumi hawa hutafuta chakula kwa sauti, na kelele za mashine huwaziba masikio. Na sheria ya mwaka 2018 iliweka mpaka wa mita 200. Akatuonyesha kwa mbali hifadhi ya Robson Bight, iliyowekwa mwaka 1982, ambako nyangumi hujisugua miili juu ya kokoto za ufukweni. Mashua yetu haikuingia.

Tuliona haya. Mtume wetu, s.a.w., alitufundisha kuwa kuomba idhini mlangoni kumewekwa kwa sababu ya macho. Na Kurani yatuambia kuwa wanyama nao ni umma kama sisi. Je, mama aliyetoka na wanawe kutafuta riziki hastahiki kubishiwa hodi?

Tulirudi na picha ndogo, nazo tumeziweka nyumbani zilivyo, ili watoto wetu wakituuliza kwa nini hatukusogea, tuwaeleze. Mwenyezi Mungu atujaalie adabu mbele ya viumbe vyake. Amin.