Ukienda Dodoma kuonja mvinyo: ule wapi, uonje wapi

Wiki hii naacha kidogo mambo ya kideri na viwavijeshi. Tangu Nane Nane iishe nimeulizwa swali moja na watu wengi, ofisini na hata barabarani: "Bwana shamba, tukishuka Dodoma tule wapi, na huo mvinyo tuonje wapi?" Wanaouliza ni wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa hapa Buzuruga na Nyakato wanaotaka kutembea wikiendi moja baada ya kugawana, na wenye grosari wanaotaka kurudi na mzigo. Nawajibu wote hapa. Lakini nianze na kosa langu, maana ninayoyajua sasa yametokana nalo.

Mwaka juzi niliongozana na kikundi cha watu tisa. Tuliondoka Mwanza Ijumaa alfajiri, Shinyanga, Nzega, Singida, Manyoni, tukaingia Dodoma jioni miguu imevimba. Mimi nilisoma chuo na watu wa kule, kwa hiyo nilijifanya mwenyeji. Kesho yake nikawapeleka kwenye mgahawa mmoja wa mjini wenye baraza nzuri na vitambaa vya meza. Chupa za mvinyo zilipangwa dirishani ili mpita njia azione, na jua lilikuwa linazipiga tangu asubuhi. Tuliletewa mvinyo mwekundu wa vuguvugu kwenye glasi kubwa, pamoja na kuku wa pilipili. Nilimuuliza kijana aliyetuhudumia zabibu zake zimetoka kijiji gani. Akasema "za hapa hapa, bosi." Tulilipa fedha nyingi. Tulipiga picha.

Jumapili mama mmoja wa kikundi, mwenye grosari, akaniuliza kama mvinyo wa madumu unaouzwa nje ya mji ni mzuri. Niliuonja kinywa kikiwa bado na pilipili ya ndizi-nyama, nikasema ni mzuri. Akanunua madumu mawili ya lita 20 kwa mkopo wa kikundi. Hakukuwa na nembo, hakukuwa na risiti. Madumu yalikaa kwenye buti la basi kutwa nzima. Alipofika alianza kuuza kidogo kidogo, dumu likabaki nusu, na kabla ya wiki mbili wateja wakaanza kurudisha glasi. Nilipoitwa nikanusa: siki tupu. Mkopo aliulipa kwa kuuza kuku wake wa mayai kabla ya wakati. Hakunisema neno baya. Aliniambia tu, "Bwana shamba, wewe ulisema."

Kwa faida ya wengine nieleze kilichotokea. Kuna bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki, na wanahitaji hewa ili wafanye kazi. Dumu lililobaki nusu ni nusu mvinyo na nusu hewa, na joto huwaharakisha. Mvinyo ukishageuka haurudi. Chupa iliyojazwa hadi shingoni na kuzibwa vizuri huwanyima hewa. Basi ukiona mvinyo wa kupimiwa kwenye dumu, hata ukiwa mtamu pale pale, unywe pale pale. Usiubebe kilomita mia saba.

Mwaka jana tulirudi. Safari hii nilikaa na yule mama tukapanga kabla, na yeye ndiye aliyenipa wazo ambalo mimi na diploma yangu sikuwa nalo. Alisema, "Wateja wangu hawali mbuzi wa Dodoma. Wanakula sato na dagaa. Kwa nini nionje mvinyo na nyama?" Akakaanga dagaa, akafunga kwenye kopo la plastiki na ndimu tatu, tukasafiri nalo.

Sasa nije kwenye maeneo. Mji wa Dodoma uko katikati na zabibu zimeuzunguka kwenye barabara tofauti, kwa hiyo kosa la kwanza la wageni ni kutaka kwenda kila upande kwa siku moja. Chagua barabara moja kwa siku. Barabara ya Arusha inakupitisha Msalato kwenye mnada, halafu Makutupora kwenye kituo cha utafiti cha TARI, ambako kazi ya miche ya zabibu imefanyika kwa miaka mingi. Barabara ya Iringa inakupeleka Bihawana na Mpunguzi. Bihawana ni misheni ya Wakatoliki, na mapadre ni miongoni mwa waliotangulia kulima zabibu mkoani humo, kwa sababu misa inahitaji mvinyo. Hombolo, kiliko kiwanda cha CETAWICO, ni upande mwingine kabisa. Kote huko si baa. Ukifika bila kupiga simu unaweza kukuta geti limefungwa na mlinzi asiyekujua. Piga simu siku tatu kabla, sema mko wangapi na mnataka nini, na uliza kama kuna ada ya kuonja.

Kama una siku moja tu na mfukoni ni kwa kubana, nenda wakati wa Nane Nane kwenye viwanja vya Nzuguni. Ni kama Nyamhongolo yetu, ila pale wasindikaji wa mvinyo wanakuwa wengi, mabanda yamekaribiana. Unaonja kwa huyu, unatembea hatua chache, unaonja kwa mwingine wakati ulimi bado unakumbuka. Ubaya wake ni kelele na vumbi, na anayekumiminia mara nyingine ni kijana wa kuajiriwa wa siku hizo tu.

Mimi sasa nachagua mahali pa kuonja kwa swali moja: aliyetengeneza yupo? Akiwepo atakuambia zabibu ni Makutupora nyekundu, Chenin Blanc au Syrah, zilivunwa msimu upi, na kwa nini huu una ukakasi na ule hauna. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwenye mwezi wa tatu na tena kwenye mwezi wa nane na wa tisa, kwa sababu mkulima akipogoa mzabibu huchipua upya. Mtu anayejua kazi yake hatachoka na maswali hayo. Mwaka jana kwa msindikaji mdogo tulikaa chini ya mwembe kwenye viti vya plastiki, akatuonyesha matangi yake, akatueleza kwamba mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda na mweupe ni mchuzi wa zabibu uliokamuliwa kwanza. Akatuonyesha hata tangi moja lililomharibikia. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kuhusu namna ya kuonja, usione haya. Anza na mweupe, kisha mwekundu, na mtamu uwe wa mwisho, maana ukianza na mtamu kila kinachofuata kitaonekana kichungu. Inua glasi juu ya karatasi nyeupe uone kama mvinyo umetulia au una ukungu. Nusa kabla ya kunywa. Ukisikia siki, au harufu kama ya rangi ya kucha, au ya boksi lililolowa, weka chini. Funda dogo linatosha, na kutema si dharau, omba kopo. Katikati kula kipande cha mkate au ugali mkavu na unywe maji. Sehemu tatu kwa siku zinatosha; ukifika ya tano unasifia kila kitu, mimi nimejiona. Mvinyo unaoitwa mkavu ni ule ambao hamira imekula sukari karibu yote ya zabibu ikawa kilevi. Wateja wetu wengi wakiuonja mara ya kwanza hukunja uso, kwa hiyo ukinunua kwa biashara usinunue kile unachokipenda wewe.

Chakula. Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato, na kama unakula nyama usiupite. Unachagua nyama mbichi ya mbuzi, unaona inapimwa, unapatana bei pamoja na ya kuchoma, halafu unakaa karibu na jiko lako. Nasema kaa karibu. Pale watu ni wengi na nyama zinafanana. Omba chumvi tu, pilipili ije pembeni, na kama utaonja mvinyo siku hiyo uonje kabla ya pilipili. Mwekundu wenye ukakasi unakwenda vizuri na mafuta ya mbuzi, hilo nalikubali kwa moyo wote.

Katika kikundi chetu kuna mzee Msabato. Sikulifikiria jambo hilo nilipopanga siku, na nilipaswa kulifikiria, maana sisi wa Kanda ya Ziwa tunao wengi. Jumamosi yeye alikwenda kanisani, na mvinyo hanywi. Kuna dada Mwislamu pia. Kwa watu kama hao chagua mahali penye zabibu za kula na juisi, na uwaulize mapema. Jumapili mzee alikuwa wa kwanza kuamka, akatupeleka kwa mama ntilie aliyekuwa amemgundua mwenyewe, ugali wa mtama na mlenda na maziwa ya mgando. Tuliingia tukasalimia "Mbukwenyi", mama akacheka, akatuongezea mlenda. Chakula hicho kilitugharimu kidogo kuliko soda mbili za ule mgahawa wa vitambaa. Mvinyo hapakuwa, na wala hatukuutafuta. Si kila mlo wa safari hii lazima uwe na glasi.

Kopo la dagaa lilifunguliwa kwa yule msindikaji wa chini ya mwembe. Mama aliomba ruhusa kwanza, ndiyo adabu. Tukajaribu mwekundu na dagaa: mdomo ukajaa ladha kama ya kulamba msumari, na shombo la samaki likapanda. Msindikaji hakushangaa, alisema mwekundu mara nyingi una madini ya chuma na hayapatani na samaki. Tukajaribu mweupe, Chenin Blanc iliyopozwa kwenye ndoo ya maji, na dagaa zenye ndimu. Tulitazamana. Mzee Msabato akauliza, "Vipi?" Mama alikuwa ameshatoa daftari anaandika bei ya katoni.

Kabla hajalipa tuliangalia vitu vitatu: nembo ya TBS, stempu ya kodi ya TRA kwenye kila chupa, na risiti. Stempu hizo za kielektroniki zipo kwenye mvinyo tangu mwaka 2019, na chupa isiyo nayo inaweza kukupotezea mzigo wote njiani au dukani. Leseni ya vileo ya halmashauri alikuwa nayo. Hesabu aliipiga kwa glasi: chupa ya mililita 750 ni glasi tano za mililita 150. Alitoa nauli, chupa moja ya kuvunjika kwa kila katoni, na moja ya kuonjesha wateja bure. Alinunua katoni tatu tu. Mimi nilitaka anunue sita, akanitazama nikanyamaza. Katoni hazikukaa kwenye buti, zilikaa miguuni petu, tukasafiri kama kuku waliofungwa, lakini zilifika. Hivi sasa zinakaa chini ya kitanda chake, chumba chenye kivuli, na anapoza chupa moja moja. Ijumaa anauza na sato wa kukaanga. Ameagiza mara mbili tangu hapo kwa simu.

Mzee yeye alirudi na miche minne ya zabibu. Nilimwambia ukweli na nawaambia nanyi: Dodoma hupata mvua kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, halafu inafuata miezi mingi mikavu. Huku kwetu mvua ni karibu mara mbili ya hiyo na hewa ya ziwa ina unyevu, na unyevu ndio chakula cha ukungu. Sikuwa na nia ya kumvunja moyo. Ameipanda nyuma ya nyumba kwenye kichanja kinachopitisha upepo, anapogoa mapema, anaondoa majani ya ndani. Mche mmoja ulishashikwa na ubwiri unga, mitatu imesimama. Kwa kivuli na vichala vya wajukuu inatosha, kwa kiwanda hapana.

Kuna safari nyingine mwishoni mwa mwezi wa tisa, wakati bado wanavuna. Tutakodi Noah kule kule Dodoma, na dereva haonji. Jumamosi barabara ya Arusha, Jumapili ya Iringa, Jumatatu tunarudi. Nafasi zimebaki nne. Anayetaka apite ofisi ya kata kabla ya Jumatano, aniambie asichokula na siku asiyotembea, na mwenye grosari aje na nakala ya leseni yake. Dagaa mama ameshasema atakaanga yeye, ndimu nileteni.