Ziwa Lilipofungwa

Alhamisi, 16 Mei 2024
Tangu jana Ziwa Tanganyika limefungwa. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zimekubaliana tusivue hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Hapa Katonga vichanja vya dagaa viko vitupu, kuku wanazurura chini yake. Wanaume angalau wana nyavu za kushona. Mimi nanunua dagaa alfajiri, naanika, nauza. Wasipokuja sina la kushona. Shemeji anasema kambi ya watalii anakolinda inatafuta mtu wa kuosha kayaki na kukunja mataulo. Nimekubali kabla hajataja mshahara.

Jumapili, 2 Juni
Wageni walipokwenda Gombe kutazama sokwe, mkufunzi aliyeletwa kutoka Jinja, kule kwenye Mto Nile, akaniambia, "Dada, utaziosha mpaka lini? Panda."

Nimezaliwa karibu na maji, lakini kwetu mwanamke hupanda boti kama abiria, na mizigo yake. Kafi si lake. Hili la kayaki lina bapa kila upande, na chombo chenyewe ni chepesi, kinayumba ukikohoa. Niliogopa hadi nilipoupita mwamba wa mwisho, pale maji yanapogeuka bluu nzito. Ziwa letu ni nyumba isiyo na baraza: ukivuka kizingiti tu, kina. Penye kina kikubwa zaidi linafika mita 1,470. Nilitegemea woga uzidi, ukaisha. Nikawa nacheka peke yangu. Mkufunzi akapiga filimbi nirudi, nikajifanya sijasikia.

Jumanne, 18 Juni
Jana Idi, tumekula Ujiji kwa baba mkubwa. Aliposikia habari za kayaki alicheka, akanikumbusha kwamba Novemba 1871, baada ya kukutana pale Ujiji, Livingstone na Stanley walichukua mtumbwi na wapiga makafi wakaenda kaskazini hadi Mto Rusizi, wajue kama unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Shuleni tulikariri majina ya wageni wawili. Ya waliopiga kafi hatukuambiwa hata moja.

Baba mkubwa mwenyewe alipiga kafi ujanani, kwenye mtumbwi wa gogo. Akanichorea upepo kwa kidole juu ya mkeka. Kiangazi, kusi ndiyo bwana. Lakini kabla ya jua kupanda kuna upepo unaoshuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na huo anauogopa kuliko mawimbi, maana ufukoni maji yanaonekana yametulia huku unasukumwa kuelekea Kongo. Leo nimemsimulia mkufunzi. Akatoa kalamu akaandika.

Jumamosi, 13 Julai
Wiki nzima somo ni kupinduka. Unapindua kayaki makusudi, unashikilia kafi usiliachie, unaigeuza, unajirusha kifudifudi juu yake huku miguu ikipiga maji, ndipo unajigeuza ukae. Mkono mtupu hauwezi kukupandisha, miguu ndiyo kazi. Na kwenye kupiga kafi vilevile: kiuno na mgongo ndivyo vinavyosukuma, mikono inashika tu.

Nawafikiria vijana niliokua nao, wanaokesha ziwani na taa zao. Wengine hawajui kuogelea. Jaketi okozi wakipewa wanalikalia kama mto, kisha tunapiga mayowe ufukoni. Nikiwa na madaraka ningewapindua wote mchana kweupe.

Jumapili, 28 Julai
Mkufunzi amerudi Uganda, ameniachia filimbi yake na masomo. Meneja anataka nianze na picha, wageni wafurahi, habari za kupinduka zije baadaye kama muda upo. "Unawatisha wateja, mama." Nimemwambia asiyetaka kulowa apande boti ya Gombe. Mwanafunzi wangu wa kwanza, nesi kutoka Dodoma, alipinduka, akapanda, akaomba apinduliwe tena.

Jumapili, 18 Agosti
Ziwa limefunguliwa Alhamisi, na watu walipiga vigelegele, lakini mwezi unakaribia kuwa mpevu, na dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Shehena ya kweli itaanza mwezi ukishapungua. Hapo ndipo penye mgogoro wangu. Masomo naanza saa mbili, upepo wa nchi kavu ukishakufa, na saa mbili ndiyo saa ya kutandaza dagaa na kuwageuza. Siwezi kuwa kwenye kichanja na majini.

Nimemwachia wifi kichanja na mtaji, faida nusu kwa nusu. Anasema nimepata wazimu, ila pesa ameshika. Meneja amekubali kunilipa kwa mwanafunzi badala ya mataulo. Hesabu bado hailingani na msimu mzuri wa dagaa, nisijidanganye.

Wanawake wa pale Kibirizi wameuliza kama nitawafundisha Jumatatu, siku ambayo wageni ni wachache. Meneja anasema kayaki ziko, jaketi hazitoshi. Basi wataingia wawili wawili, na jaketi lenye mkanda uliokatika nimeshalitia kisu asije mtu akalivaa.